Mama Feni, Anayezivua Gemu Vivuli Ili Zikimbie

Saa moja kasoro robo asubuhi, siku ya Jumamosi. Mlango wa bati umefunguliwa nusu. Ndani, mwanamke wa miaka arobaini na minne amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, sikio lake limegusa ubavu wa kompyuta namba tatu. Amefumba macho. Mkono wa kulia ameuinua juu, kama anayewaomba watu wanyamaze, ingawa chumbani hamna mtu mwingine ila mama mkwe wake, naye hasemi kitu. Anakunywa chai.

"Hii inakoroma," anasema mwanamke. "Jana haikukoroma."

"Labda imelalia ubavu," anajibu mama mkwe.

Mwanamke hacheki. Anahamia namba nne, anasikiliza. Anahamia namba tano. Anarudi tena namba tatu. Anasimama, anatazama saa ya ukutani, anaishusha, anaifuta kioo kwa upindo wa blauzi yake, anaitundika tena. Imesogea dakika moja.

Mtaani anaitwa Mama Feni. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu kila kompyuta ina vifeni vidogo vya kuipoza, na yeye hutambua kwa sikio tu ipi imejaa vumbi, ipi imenasa unywele wa mtu, na ipi inakaribia kukata roho. Biashara yake ni chumba cha gemu: kompyuta sita, viti vya plastiki kumi na vinne, benchi moja la watazamaji, na shuka la maua dirishani ili jua lisipige kwenye skrini.

Leo sikio hilo lina kazi. Saa tisa alasiri watakuja wachezaji kumi na mmoja wa ligi ya Jumamosi, watu wazima wenye kazi zao, na wakiondoka hapa watakuwa wameamua kama watarudi tena au la.

Ligi hiyo ni ya mashindano ya magari, na imekuwa ikichezwa katika chumba hiki kwa miaka mitatu. Wiki tatu zilizopita lilitoka toleo jipya la gemu yao. Ni zuri, wanasema, lakini lina tumbo kubwa. Linataka kadi ya grafiki ya giga nne, na kadi za Mama Feni, zote sita, ni za giga mbili.

Kadi hiyo ni kibao chembamba kinachochomekwa ndani ya kompyuta, nacho ndicho kinachochora kila kitu unachokiona kwenye skrini: gari, barabara, mti, vumbi la tairi. Kadi kubwa huchora haraka. Kadi ndogo huchora kwa kuhema.

Kwenye kona ya mtaa huo huo, mwezi wa pili sasa, kimefunguliwa chumba kipya cha gemu chenye milango ya vioo, viti vinavyozunguka na kiyoyozi. Kadi zake ni za giga nane. Tangu kifunguliwe, wateja wa Mama Feni wameshuka kutoka arobaini kwa siku hadi kumi na saba.

Jumamosi iliyopita mwenyekiti wa ligi, ambaye ni kinyozi mwenye duka mkabala na chumba hiki, alimwambia mbele ya wote: "Mama Feni, hatukufukuzi, na wewe usituone wabaya. Tunakupa wiki moja. Gemu mpya ikikimbia kwenye kompyuta zote sita, tutakaa tuzungumze. Hata moja ikigoma, tunahamia kwenye vioo."

"Na mkihamia huko, mimi nifanye nini?"

"Utakuja kututazama," alisema kinyozi. "Benchi lao lina mto."

Mama Feni anasimulia maneno hayo huku anakaza skrubu ambayo tayari imekazwa. Jumamosi moja, anasema, humletea wateja na watazamaji karibu sawa na siku nyingine zote za wiki. "Ligi ikiondoka, mimi nitakaa humu na mama mkwe wangu tukitazamana. Nampenda, lakini si kwa kutazamana kutwa nzima."

"Hata mimi nitachoka," anasema mama mkwe.

Mwanamke huyu hakusomea kompyuta. Aliishia darasa la saba, na kwa miaka tisa alikuwa mfagiaji katika ofisi ya bima. Ofisi ilipohama jengo, msimamizi alimpa hiari: achukue posho ya mwezi mmoja ya kuagana, au achukue kompyuta kumi na moja zilizokuwa stoo zikisubiri kutupwa.

"Wenzangu wote walichukua posho," anasema. "Mimi nilizitazama zile kompyuta, nikasema, nimezifuta vumbi miaka tisa, nazijua kuliko waliokuwa wakizitumia. Nikakodi mkokoteni."

Mume wake, fundi wa lifti anayefanya kazi mji mwingine na kurudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili, alikuta sebule imejaa. Aliuliza watakaa wapi. Alijibiwa kwamba kuna nafasi katikati.

Kati ya zile kumi na moja, sita zilikubali kuwaka. Tano alizifungua kifua akachukua viungo. Skrubu zake amezihifadhi katika kopo la vifungo vya nguo, zimechanganyika na vifungo vyenyewe, na ukimwomba skrubu ndogo ya kadi huingiza vidole viwili bila kutazama na kuitoa. Mara moja tu alitoa kifungo cha shati.

Kompyuta za ofisi hazikuumbwa kwa michezo. Umeme wake ni wa kupimiwa, hauwezi kulisha kadi kubwa. Kwa hiyo Mama Feni alizungukia wauzaji wa vyombo vilivyotumika, akatafuta kadi ndogo ndogo zisizohitaji waya wake wa umeme, zile ambazo vijana wenye uwezo huzivua na kuzitupa. Ya kwanza ilikuwa ya uongo. Kibandiko kilisema giga nne, ndani mlikuwa na moja. "Nilibandua kibandiko nikakuta kingine chini yake, na chini ya hicho kingine tena. Kama kitunguu. Na nililia kama nakata kitunguu."

Leo hii, kadi moja ya giga nne ambayo haijatumika na mtu inauzwa kwa bei inayolingana na kodi ya chumba chake kwa miezi saba. Hazungumzii kununua sita. Hazungumzii hata kununua moja. Anachofanya ni kile ambacho yeye mwenyewe amekipa jina: kuvua.

Ndani ya kila gemu kuna mahali pa kupunguza mapambo. Wengi hupunguza hapo wakaridhika. Mama Feni hupita hapo akaenda chini zaidi, kwenye faili ambalo limejaa maneno na namba, ambalo mchezaji wa kawaida halifungui. Hushusha namba moja, hufunga, hucheza dakika mbili, hutazama. Hushusha nyingine. Huandika kila kitu katika daftari la shule lenye mistari, kila gemu na ukurasa wake.

Ukurasa wa gemu hii mpya umejaa mpaka pembeni. Vivuli: sifuri. Nyasi: sifuri. Mawingu: sifuri. Maji ya barabarani: sifuri. Watazamaji wa jukwaani: wabaki wawili. Miti: vigogo tu. Uso wa dereva: toa.

"Dereva hana uso?" anaulizwa.

"Amevaa kofia ngumu," anasema. "Uso wa nini?"

Kabla ya kuvuliwa, gemu ilikuwa ikitoa picha kumi na moja kwa sekunde. Chini ya ishirini na tano gari haliendi, linarukaruka kama mzee anayeshuka ngazi. Wiki nzima Mama Feni amekuwa akivua. Ijumaa jioni alipata thelathini na mbili. Alimwita mama mkwe aje atazame. Mama mkwe alitazama, akasema gari linakwenda vizuri ila nchi hiyo ina njaa.

Kazi ilikuwa imebaki moja tu, na hiyo ndiyo inayomhangaisha asubuhi hii. Kadi ndogo ikifanyishwa kazi kubwa huchemka, na ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe. Kwa kawaida husafisha kompyuta moja kwa siku, sita kwa siku sita, bila haraka. Wiki hii, kwa kuvua, hajasafisha hata moja. Sasa anataka kuzisafisha zote sita kabla ya chakula cha mchana.

Anachomoa, anafungua, anapuliza, anapiga brashi ya poda kwenye vifeni. Kwa kadi mbili ambazo dawa yake ya kupoza imekauka, anafuta ya zamani na kuweka mpya, nyeupe, nzito kama dawa ya meno, akiisambaza kwa ukingo wa kadi ya benki iliyokwisha muda. Anafunga, anachomeka, anasogea. Akiwa na kompyuta moja mkononi, jicho lipo kwenye inayofuata. Chai yake imeota utando.

"Kunywa chai, mwanangu," anasema mama mkwe.

"Nakunywa, Mama."

"Unakunywa na nini? Na macho?"

Mama mkwe ana miaka sabini na moja. Kazi yake hapa ni mbili. Ya kwanza ni muda: ana saa ya jikoni ya plastiki yenye umbo la yai, ambayo huizungusha mteja anapokaa, na ikilia hakuna anayebisha, hata kama yumo katikati ya kona ya mwisho. Ya pili ni kufuta vumbi nyuma ya meza kila jioni kwa kitambaa kibichi. Gemu hazijui, na hajawahi kushika usukani. "Najua kompyuta kwa upande wa mgongo," anasema. "Kama mtu unayekutana naye kanisani kila wiki, umekaa nyuma yake."

Saa sita na nusu, kompyuta zote sita zinawashwa. Namba moja, thelathini na tatu. Namba mbili, thelathini na moja. Tatu, haikoromi tena, thelathini na mbili. Tano na sita ziko sawa.

Namba nne inatoa picha tano.

Mama Feni anaizima, anaiwasha. Tano. Anahakiki daftari: namba zote ziko kama zilivyoandikwa. Anafungua ubavu, anagusa kadi kwa mgongo wa kidole, namna mtu anavyogusa paji la uso la mgonjwa. Kidole kinarudi haraka, lakini si kwa joto.

"Baridi," anasema. "Baridi kabisa. Imekufa."

Anakwenda kwenye droo, anatoa kadi yake ya akiba, ya pekee, iliyofungwa katika soksi ya mtoto. Anaichomeka. Anawasha. Tano. Anaigusa. Nayo ni baridi.

Sasa anakaa chini, jambo ambalo tangu asubuhi hajalifanya. Anakaa sekunde chache, anainuka.

"Mama, zimekufa mbili siku moja."

"Mbili? Zimekula nini?"

"Sijui. Labda umeme. Labda nimezipuliza vibaya. Labda ile dawa." Anatembea mpaka mlangoni, anarudi. Anatembea tena. Kutoka mlangoni, ukiinama kidogo, unaiona ile milango ya vioo kwenye kona. Anakiri kwamba wiki iliyopita alipita pale, akasimama kidogo. Kioo kilikuwa safi. Ndani mtu alikuwa anaendesha gari la gemu hii hii, kwenye barabara iliyolowa mvua, na miti ilikuwa imeangusha vivuli barabarani, na gari likipita vivuli vilipanda juu ya boneti na kushuka nyuma. Aliondoka upesi kabla mtu hajamwona.

"Sikujua kama kuna miti mingi hivyo," anasema. "Mimi nilikuwa nimeikata yote."

Saa nane kamili wa kwanza anafika. Ni muuguzi wa zamu ya asubuhi, bado ana sare na saa iliyobanwa kifuani, naye ndiye bingwa wa ligi kwa misimu miwili. Anakuta namba nne imefunguliwa, na skrubu ziko juu ya kiti pamoja na vifungo viwili.

"Mama Feni, huyu atapona?"

"Dada, usiniulize."

"Mimi huwa nawaambia ndugu wa mgonjwa wakae nje."

"Basi kaa nje."

Muuguzi hakai nje. Anakaa kwenye benchi, anavua viatu, anakunja vidole vya miguu. Baada yake wanaingia wengine: mchomeleaji wa mageti na mwanawe wa kiume aliyeoa, karani wa stoo, mwalimu wa hisabati, kondakta, na wenzao wanne. Kila anayeingia anatazama namba nne kwanza, kisha anatazama saa. Wa mwisho ni kinyozi, ana nywele za mteja kwenye mikono ya shati.

Kinyozi na Mama Feni wana kesi ya zamani. Mwaka juzi kinyozi alijinunulia kadi yake ya nyumbani, ndogo vile vile, kwa kujinyima. Miezi mitatu alilalamika kwamba haina nguvu, kwamba ameibiwa, kwamba muuzaji ataona. Hatimaye Mama Feni alikwenda kwake kutazama. Alipozunguka nyuma ya kompyuta, alikaa kwenye zulia akacheka mpaka mke wa kinyozi akamletea maji.

Kinyozi alikuwa ameuchomeka waya wa skrini kwenye tundu la juu. Nyuma ya kompyuta kuna matundu mawili yanayofanana kama pacha. La juu ni la kompyuta yenyewe, ambayo ina uwezo wake kidogo wa kuchora. La chini ni la kadi. Ukichomeka juu, picha inakuja, skrini inawaka, kila kitu kinaonekana kizima, na kadi uliyoinunua kwa jasho imekaa ndani haina kazi, haina hata habari.

Tangu siku hiyo Mama Feni amekuwa na msemo, na kila anayenunua kadi mtaani huja kuusikia: "La juu ni mlango wa jirani, la chini ni mlango wako." Na kila anapousema, humtaja kinyozi.

Saa tisa kasoro dakika kumi. Mama Feni amebeba kompyuta namba nne mikononi kama mtoto mchanga, anaigeuza huku na huku, anaitikisa kidogo. Kinyozi amekunja mikono.

"Sasa, Mama Feni. Moja imegoma."

"Bado dakika kumi."

"Dakika kumi za nini? Umeshazifanyia maiti mbili mazishi."

"Kinyozi, nywele zako bado ziko kwenye mkono. Nenda ukajifute."

Watu wanacheka, lakini si sana. Mwalimu wa hisabati tayari amesimama. Mama Feni anairudisha kompyuta mezani, anachomeka nyaya zake, umeme, kibodi, usukani, skrini, na anawasha tena. Picha tano. Gari linashuka ngazi.

Hapo ndipo mama mkwe, ambaye amezunguka nyuma ya meza na kitambaa chake kwa sababu skrubu zimeacha uchafu, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwanangu, huu waya kwani umehama? Si huwa unakaa huku chini?"

Mama Feni anaachia kibodi. Anazunguka meza taratibu. Anainama. Waya wa skrini wa namba nne uko juu. Kwenye mlango wa jirani.

Umekuwa hapo tangu asubuhi, alipouchomeka kwa haraka jicho likiwa kwenye namba tano, na kila alipochomoa na kuchomeka, mkono wake uliurudisha pale pale ulipoukuta. Kadi zote mbili zilikuwa nzima. Zilikuwa baridi kwa sababu hakuna aliyezipa kazi.

"Kitu kisichofanya kazi kitatokaje jasho?" anauliza mama mkwe, na hakusudii utani.

Kisha kinyozi, ambaye amesogea kuchungulia juu ya bega la Mama Feni, anatoa sauti kama ya mpira unaotoboka. Anashika meza. Anashika muuguzi. Anatafuta zulia la kukaa, halipo, anakaa kwenye saruji.

"Nyani haoni kundule!" anapiga kelele. "Mlango wa jirani! Miaka miwili! Miaka miwili wananiita Mlango wa Jirani hadi watoto wangu!"

"Mganga hajigangi," anasema mama mkwe.

"Mleteeni maji," anasema muuguzi.

"Si yeye, nileteeni mimi!" anasema Mama Feni, na sasa anacheka naye, anacheka na machozi yanamtoka, na huku anacheka mkono wake umeuchomoa waya na kuushusha chini. Kifeni cha kadi kinaanza kuzunguka. Anainua mkono ili watu wanyamaze. Wananyamaza. Anasikiliza.

Picha thelathini na mbili.

Saa tisa na dakika tano mkupuo wa kwanza unaanza, watu sita, kisha wa pili, watu watano. Mama Feni haketi. Anapita nyuma ya viti, anagusa mgongo wa kila kompyuta, anarudi. Gemu inakimbia. Haipendezi: barabara ni ya kijivu, mlima umekatwa kichwa, miti ni nguzo, jukwaani kuna watazamaji wawili ambao hawapungi mikono. Gari la mchomeleaji linapinduka na hakuna vumbi linaloinuka.

"Hii nchi imepigwa na nini?" anauliza kondakta.

"Na Mama Feni," anajibu mwalimu.

Lakini kwenye kona ya saba, ile ambayo kule kwenye vioo imefunikwa na majani na mwanga wa jua la machweo, muuguzi anapita bila kugusa breki. Anapita mara ya pili. Anamaliza mbele ya wote kwa sekunde nne.

"Kule jua la kuchora linanipiga machoni," anasema anapoondoa mikono kwenye usukani. "Hapa naiona kona kabla haijafika."

"Wewe unashinda popote," anasema karani wa stoo. "Sisi tunaoshindwa tunataka angalau tushindwe mahali pazuri."

Saa kumi na nusu wanapiga kura kwa mikono. Wanaotaka kuhama ni watano. Wanaotaka kubaki ni watano. Kinyozi, kama mwenyekiti, anapiga mwisho. Mama Feni amempa kisogo, anapanga skrubu na vifungo katika mafungu mawili, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

"Nimekuja hapa nikiwa nimeamua kuhama," anasema kinyozi. "Sifichi. Kiyoyozi kile ni kitamu." Anafuta macho, bado yana machozi ya kicheko. "Lakini nikihama leo, nitamsimulia nani? Kule hakuna anayemjua Mlango wa Jirani. Nitafika na hadithi yangu nzuri kuliko zote, na watu watanitazama tu." Anainua mkono. "Tunabaki. Mpaka toleo lingine litoke, mwakani. Na jina langu, kuanzia sasa, amelirithi yeye."

"Nalipokea," anasema Mama Feni, bila kugeuka.

Mwakani si mbali. Yeye mwenyewe analijua hilo, na hata kabla watu hawajamaliza kutoka ameshafungua ukurasa mpya wa daftari. Toleo lijalo, wanasema, litataka giga sita. Anaandika swali, anakata, anaandika tena. Anainuka, anakwenda nyuma ya meza na kuhakiki nyaya zote sita kwa kidole. Chini, chini, chini, chini, chini, chini. Anarudi kukaa. Anainuka tena.

Ana mpango. Si kadi sita. Ni moja, ya giga nne, ya kompyuta namba moja. Atakuwa anafundisha kwa ada kusafisha kompyuta siku za Jumatatu, siku ambayo wateja ni wachache. Mwalimu wa hisabati na karani wa stoo wameshajiandikisha, na kinyozi anasema atakuja kukaa mstari wa mbele ili tu amcheke. Akipata wanafunzi wanane kila mwezi, anaamini kadi hiyo itakuwa imepatikana kabla ya mwakani.

"Na hiyo namba moja itakuwa ya ligi?" anaulizwa.

Anachukua brashi ya poda, anairudisha chini.

"Ya ligi Jumamosi," anasema. "Lakini siku ya kwanza ni yangu."

Anaeleza kwamba katika miaka hii yote hajawahi kucheza gemu hata moja katika hali yake. Amezivua zote. Anazijua mifupa yake, anajua kila namba, lakini uso hajauona. Muuguzi amemwambia aende siku moja kule kwenye vioo, wanaligi watamlipia saa nzima. Amekataa.

"Sitaki kuona kwa watu. Nataka kuona kwangu," anasema. "Nitarudisha kila kitu nilichotoa. Nyasi, mawingu, watazamaji wote wa jukwaani. Halafu sitashindana na mtu. Nitaendesha polepole mpaka kwenye mti mmoja, nitasimamisha gari chini yake, nikae nione kama kivuli chake kinasogea."

Mama mkwe amemaliza kufuta nyuma ya meza. Anakamua kitambaa, anakitandaza kwenye mgongo wa kiti, anachukua ile saa ya yai na kuitia mfukoni.

"Siku hiyo," anasema, "mimi sitakuhesabia dakika."